Namna ya kuipima kamkoda ya kanda kabla ya kuinunua

Anayetaka kununua kamkoda ya kanda, yaani kamera ya video inayorekodi kwenye utepe, siku hizi aanzie kabatini kwake kabla hajafika kwa muuzaji. Familia nyingi za Kigoma zina boksi au mfuko wa kanda za miaka ya 1990 na za mwanzoni mwa miaka ya 2000: harusi, kipaimara, mahafali, maziko ya mzee, siku ambayo ndugu alisindikizwa stesheni akienda masomoni. Kanda hizo ndizo zitakazoamua aina ya mashine, kwa sababu hakuna kamkoda ya analojia inayocheza kanda za kila aina, na anayenunua kwanza na kuangalia kanda baadaye mara nyingi hujikuta na mashine nzuri isiyoweza kusoma hata kanda moja ya nyumbani kwake.

Niseme mapema kwamba, kama lengo ni kurekodi matukio mapya tu, simu ya kawaida ya leo hutoa picha safi kuliko kamkoda yoyote inayozungumziwa hapa. Sababu nzito ya kutafuta mashine hii ni kuzicheza kanda za zamani, ikiwezekana kuzihamishia kwenye kompyuta, na pembeni kupata kifaa cha kurekodia kwa wale wanaopenda picha ya namna ile, yenye rangi laini na tarehe iliyochapwa pembeni. Kwa hiyo katika upimaji wote unaofuata nimeupa uzito mkubwa zaidi uwezo wa mashine wa kusoma utepe, na uwezo wake wa kuona nimeuweka nafasi ya pili.

Anza na kanda ulizo nazo

Zitoe kanda zote, uzitenge kwa ukubwa. Kanda kubwa ya VHS, ambayo JVC iliingiza sokoni nchini Japani mwaka 1976, ina utepe wenye upana wa milimita 12.7, nayo ilitumika katika zile kamera za kubebwa begani zilizoonekana sana kwenye sherehe. VHS-C, iliyotoka mwaka 1982, ina utepe uleule ndani ya kasha dogo, ndiyo maana huweza kuwekwa ndani ya adapta yenye umbo la kanda kubwa na kuchezwa kwenye deki ya kawaida. Kanda ya milimita 8 ni ukoo mwingine kabisa. Ilianza na Video8 katikati ya miaka ya 1980, ikafuatiwa na Hi8 mwaka 1989, na kasha lake linakaribiana kwa ukubwa na kaseti ya muziki.

Hapo kwenye milimita 8 ndipo watu wengi hudanganywa. Wapo wauzaji wanaoahidi adapta ya kuingiza kanda ya milimita 8 kwenye deki ya VHS, wakichukulia kwamba kilichowezekana kwa VHS-C kinawezekana kwa kila kanda ndogo. Adapta hiyo haipo. Utepe wa milimita 8 ni mwembamba mno kwa njia ya utepe ya VHS, na hata namna picha ilivyoandikwa juu yake ni tofauti, hivyo kinachohitajika ni mashine ya milimita 8 yenyewe. Muuzaji anayekuhakikishia kinyume chake amekupa sababu ya kutomwamini katika mengine pia.

Ndani ya ukoo huo wa milimita 8, kamkoda ya Hi8 hucheza kanda za Video8, lakini kamkoda ya Video8 haichezi inavyotakiwa kanda iliyorekodiwa kwa Hi8. Mwaka 1999 ilikuja Digital8, ambayo hutumia kasha lilelile ila huandika picha kidijitali. Baadhi ya kamkoda za Digital8 husoma pia kanda za Video8 na Hi8 na kuzitoa moja kwa moja kwa njia ya kidijitali kupitia tundu la i.LINK, la waya wa kwenda kwenye kompyuta, jambo ambalo ni faida kubwa kwa anayetaka kuhamisha kanda. Si zote zinazofanya hivyo, na neno la mdomo halitoshi: kanda ya zamani iingizwe, ichezwe, ionekane.

Kwa upande wa ubora, VHS, VHS-C na Video8 hutoa takribani mistari 240 ya mlalo, ilhali S-VHS (VHS iliyoboreshwa) na Hi8 hufikia kama 400. Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye nyuso za watu waliosimama mstari wa nyuma katika picha ya harusi. Sauti nayo ina yake: katika milimita 8 sauti huandikwa pamoja na picha na hedi zinazozunguka (vichwa vidogo vinavyoandika na kusoma utepe), kwa hiyo hutoka safi, lakini katika VHS-C nyingi za nyumbani huandikwa ukingoni mwa utepe unaokwenda polepole, ndiyo maana ina mkwaruzo na mvumo. Muda wa kurekodi pia haulingani. Kanda ya VHS-C ya EC-30 hubeba dakika 30 kwa kasi ya kawaida ya SP, na EC-45 dakika 45. Kanda ya milimita 8 ya P5-90 hubeba dakika 90. Kasi ya LP, iliyo ya polepole zaidi, huongeza muda maradufu, lakini hupunguza ubora na huifanya kanda iwe ngumu kusomwa na mashine nyingine. Waliowahi kurekodi ndoa kanisani kwa VHS-C wanajua jinsi kanda inavyoisha padri akiwa bado katikati ya mahubiri.

Kama kabati lako halikulazimishi vinginevyo, maoni yangu ni kutafuta Hi8 ya nusu ya pili ya miaka ya 1990 au ya baada yake. Inasoma vizazi viwili vya kanda, sauti yake ni nzuri, na betri zake, kama nitakavyoeleza, bado zinapatikana.

Mfumo wa rangi, na umeme

Tanzania ilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Japani na Marekani zilifuata NTSC, wenye mistari 525 na picha zinazokaribia 30 kwa sekunde, na Ufaransa ilikuwa na SECAM yake. Bidhaa zilizotumika zinazofika Kigoma hutoka pande nyingi, nyingine kwa reli au barabara kutoka Dar es Salaam, nyingine kwa njia ya ziwa, kwa hiyo haifai kudhani kwamba kamkoda iliyo mezani ni ya PAL kwa kuwa tu inauzwa Mwanga, hapa Kigoma. Tazama kibandiko kilicho chini ya mashine. Kwa kamkoda za Sony, herufi E mwishoni mwa namba ya toleo huashiria PAL. Maandishi ya kwenye kanda husaidia kidogo tu: P5 ilikusudiwa masoko ya PAL na P6 masoko ya NTSC, lakini kasha ni lilelile, na mtu wa PAL angeweza kurekodia kanda ya P6-120 na kupata takribani dakika 90 badala ya 120.

Mashine ya NTSC haisomi kanda za PAL, na sababu yake ni ya kimitambo: ngoma yenye hedi katika mashine ya PAL ya milimita 8 huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na katika ya NTSC mara 1,800, hali mwendo wa utepe nao ni tofauti. Kinyume chake kina nafuu kidogo, kwa maana baadhi ya kamkoda za PAL za Sony za miaka ya mwisho zina kipengele kiitwacho NTSC PB kwenye menyu, ambacho huziwezesha kucheza kanda za NTSC kwenye televisheni. Mwenye ndugu Marekani aliyekuwa akimtumia kanda atakithamini kipengele hicho. Picha isiyo na rangi kabisa kwenye televisheni ya zamani haimaanishi daima ubovu, kwani televisheni inayojua PAL pekee huonyesha kanda ya SECAM kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha adapta kabla ya kuichomeka. Adapta nyingi za kamkoda zimeandikwa volti 100 hadi 240 na hazina shida, lakini ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani peke yake, yenye volti 100, nayo ikichomekwa kwenye volti 230 za kwetu huungua hapohapo. Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na nyumba nyingi zimejifunza kutumia kidhibiti umeme kwa friji na televisheni. Kamkoda nayo inastahili nafasi kwenye kidhibiti hicho wakati wa kuhamisha kanda.

Mezani kwa muuzaji

Nenda na vitu vichache: kanda moja iliyorekodiwa na mashine nyingine na ambayo unajua inacheza vizuri, kanda nyingine tupu au isiyo na kitu cha maana, waya wa AV (wa kupeleka picha na sauti kwenye televisheni), na simu yenye tochi. Kanda ya harusi ya wazazi ibaki nyumbani. Mashine usiyoijua inaweza kuutafuna utepe katika dakika ya kwanza, na hakuna punguzo la bei litakalorudisha sura za watu waliokwisha kufariki.

Kabla ya kuwasha, fungua mlango wa betri uangalie kama kuna ute mkavu wa kijani au mweupe kwenye vyuma. Kisha nusa karibu na matundu ya hewa. Hili si mzaha: kamkoda nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zina kapasita ndogo za kimiminika ambazo huvuja kadiri miaka inavyopita, na majimaji yake yana harufu inayokaribiana na ya samaki. Katika mji wa dagaa ni rahisi kuipuuza harufu hiyo, lakini ikitoka ndani ya mashine ya elektroniki ina maana moja tu. Mashine ya namna hiyo huanza kwa kukosa sauti, au kitazamio (kioo cha kuchungulia picha) huzimika, au rangi hupotea, na kuitengeneza kunahitaji fundi mwenye mkono mwepesi wa kubadilisha kapasita nyingi ndogo bila kuchubua njia za shaba za bodi. Wapo mafundi wa simu wanaoliweza, ila gharama yake itolewe kwenye bei.

Washa sasa, ufungue mlango wa kanda. Usikilize. Mlango unapaswa kufunguka kwa mwendo mmoja, bila kusita na bila mlio wa meno yanayoruka. Ukiwa wazi, mulika tochi ndani uangalie gurudumu dogo la mpira linaloubana utepe: mpira mzima ni mweusi usiong'aa, uliochakaa hung'aa kama kioo au una nyufa, na mpira wa namna hiyo huteleza na kuupeleka utepe upande. Tazama pia ngoma ya hedi, ile duara ya chuma inayong'aa. Mikwaruzo inayopita wima juu yake ni dalili kwamba kuna mtu aliwahi kuingiza bisibisi au pamba mahali pasipotakiwa.

Ingiza kanda ile iliyorekodiwa na mashine nyingine. Usiharakishe kuicheza, iache ipakie, kisha bonyeza kitufe cha kucheza na uitazame kwa dakika tano kamili kwenye televisheni, si kwenye kioo kidogo cha kamkoda ambacho huficha makosa. Chenga tupu zilizofunika picha yote, huku sauti ikisikika au kukatika, mara nyingi ni hedi zilizojaa uchafu, na hilo huenda likasafishika. Chenga zinazopepesa, kana kwamba picha inafika na kuondoka kwa haraka sana, huonyesha kwamba hedi moja kati ya mbili imeziba au imekwisha. Mkanda wa chenga uliotulia juu au chini ya picha ni jambo jingine. Huo unatokana na vijiti vinavyouongoza utepe kusogea kutoka mahali pake, na katika milimita 8 hakuna kitufe cha kuurekebishia, kwa sababu mashine hizo hujitafutia njia ya picha zenyewe. VHS-C nyingine zina kitufe cha trakingi kinachoweza kupunguza tatizo. Mistari ya wima inayoyumba, kwa mfano fremu ya mlango inayopinda kama maji, ni tabia ya kanda za analojia, na baadhi ya kamkoda za Hi8 zina kipengele cha TBC kwenye menyu kinachoituliza. Ukiikuta TBC, hesabu kwamba mashine hiyo imeongezeka thamani kwako hata kama muuzaji hajui ni kitu gani.

Baada ya kucheza, peleka kanda mbele hadi mwisho kabisa, irudishe hadi mwanzo, jaribu kutafuta huku picha ikionekana, simamisha, cheza tena. Mota dhaifu hujificha katikati ya kanda na kujionyesha mwishoni, pale gurudumu moja linapokuwa limebeba utepe wote. Itoe kanda, inua kifuniko chake kwa kidole, utazame ukingo wa utepe. Ukiona umejikunja, umepinda kama pindo la nguo iliyopigwa pasi vibaya au una alama ya mstari mrefu, mashine hiyo inaharibu kanda na upimaji umekwisha hapo.

Kanda ya pili ndiyo inayotoa hukumu. Rekodi dakika tano kwa kasi ya SP, uicheze ndani ya mashine ileile, kisha uipeleke kwenye mashine nyingine ya mfumo uleule, ya jirani au ya fundi. Wengi huishia kwenye hatua ya kwanza, wanaona picha nzuri, wanalipa. Kamkoda ambayo vijiti vyake vimesogea huandika picha katika njia iliyopinda na kuisoma kwa mpindo uleule, kwa hiyo haioni kosa lake. Inafanana na seremala ambaye futi yake imekatika mwanzoni, kila mbao aliyoipima mwenyewe inalingana na nyingine zake na haiingii kwenye fremu ya mtu mwingine. Kanda ngeni ikichezeka vizuri humo, na kanda ya humo ikachezeka vizuri kwingine, njia ya utepe iko sawa, na sehemu kubwa ya fedha yako iko salama.

Ikiwa kilichoonekana ni chenga tupu, usiikatae mashine kabla hedi hazijasafishwa, ila usafishaji ufanywe na mtu anayejua. Umeme huondolewa kwanza. Kipande cha ngozi laini au kitambaa kisichoacha nyuzi huloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, ileile ambayo mafundi wa simu husafishia bodi, kisha hushikwa kikiwa kimetulia dhidi ya ngoma huku ngoma ikizungushwa taratibu kwa mkono. Kitambaa hakisuguliwi juu na chini hata mara moja, kwa maana hedi ni vipande vidogo mno vinavyochomoza kidogo tu, na mwendo wa juu na chini huvivunja. Pamba ya masikioni huacha nyuzi na hunasa. Spiriti yenye rangi huacha utando. Subiri alkoholi ikauke kabisa ndipo ujaribu tena.

Kamkoda za Sony za miaka ya mwisho huonyesha namba za hitilafu, na inafaa kuzijua kabla muuzaji hajakueleza kwamba ni saa tu haijasetiwa. C:21 ni unyevu ndani ya mashine, na dawa yake ni kuiacha wazi mahali pakavu kwa saa moja au zaidi. Wakati wa masika kando ya ziwa, mashine iliyotolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingizwa kwenye hewa ya nje inaweza kuionyesha bila kuwa na ubovu. C:22 ni hedi chafu. C:31 na C:32 ni matatizo ya mitambo ya utepe. Mara moja inaweza kuwa bahati mbaya, na kuondoa umeme na kuurudisha huifuta, lakini ikijirudia mbele yako, muuzaji amekwisha kuiona mara nyingi kabla yako.

Jicho na sikio lake

Kwenye lenzi, mikwaruzo midogo ya nje haina madhara makubwa. Cha kuogopa ni fangasi ndani ya kioo, ambayo hali ya hewa ya mwambao wa Tanganyika huipenda: mulika tochi kwa mbele, sogeza zumu, utafute nyuzi kama za utando wa buibui au doa lenye ukungu. Kisha rekodi ukuta mweupe uone kama kuna madoa, ufunike lenzi uone kama kuna nukta zinazowaka. Ukielekeza kwenye balbu kali, mstari wa wima unaopita juu na chini ya mwanga ni kawaida ya sensa za CCD (vipande vinavyonasa picha), usiuhesabu kuwa kasoro.

Toka nje kwa muda. Jengo la stesheni ya Kigoma, lililosimama mwisho wa Reli ya Kati iliyofika huku mwaka 1914, ni kipimo kizuri kwa sababu lina mistari mirefu iliyonyooka na matao yenye kivuli: simama mbali, zumu hadi mwisho, uone kama fokasi inashika na kama pembe za picha ni kali kama katikati. Kisha elekeza ziwani, kwenye mtumbwi unaokwenda. Maji yanayometameta huichanganya fokasi ya kujiendesha karibu katika kamkoda zote, kwa hiyo swali si kama itapotea bali inachukua muda gani kurudi, na kama kuna swichi ya kufokasi kwa mkono inayofanya kazi. Tarakimu ya zumu ya kidijitali iliyochapwa kwa herufi kubwa ubavuni ipuuze kabisa. Inakuza chembe za picha tu. Inayofaa ni ya lenzi yenyewe, ambayo kwa kamkoda nyingi za miaka ile ilikuwa kati ya mara 8 na mara 20.

Giza hupimwa sebuleni usiku kwa taa moja. Maelezo ya kiwandani yenye lux (kipimo cha mwanga) chache au sifuri yasikudanganye: sifuri hupatikana kwa mwanga wa infraredi, na picha yake ni ya kijani. Tazama uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa amekaa mbali kidogo na taa. Kama macho na mdomo havitofautiki, kamkoda hiyo itakuwa ya mchana.

Kuna jambo lililotangazwa Oktoba 2005 ambalo linagusa moja kwa moja sehemu zenye joto na unyevu kama Kigoma. Sony ilieleza kwamba sensa kadhaa za CCD ilizotengeneza katika miaka iliyotangulia, zilizotumika katika kamera na kamkoda za kampuni mbalimbali, zilikuwa zikifa kwa sababu ya viungo vya ndani kuachia katika joto na unyevu mwingi. Kamkoda ya miaka hiyo inayoonyesha picha ya zambarau, iliyochanika, au giza tupu pale inaporekodi, lakini ikicheza kanda vizuri, huenda ni mmojawapo wa wahanga hao. Muuzaji ataiona mbovu. Kwa anayetaka kusoma kanda zake tu, hiyo ni mashine nzima kwa bei ya mbovu, na binafsi ningeichukua kabla ya ile inayoona vizuri huku ikisitasita kupakia utepe.

Sauti haihitaji maneno mengi. Rekodi mtu akizungumza hatua tatu mbali, usikilize kama mlio wa mota umeingia, kisha rekodi kwenye upepo wa ufukweni. Tundu la maikrofoni ya nje ni faida.

Betri, nyaya na mazungumzo ya bei

Betri iliyokuja na mashine ichukulie kuwa imekufa hata kama inashika chaji kwa dakika kumi. Kamkoda za zamani zilitumia betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kuzipata mpya ni kazi. Za Sony za kuanzia katikati ya miaka ya 1990 nyingi hutumia betri za lithiamu za aina ya NP-F, na hizi zinaendelea kutengenezwa na kampuni nyingine kwa sababu taa za LED za wapiga video na wapiga picha wa leo zinazitumia. Nenda kwa mpiga video yeyote wa sherehe pale mjini ukaombe kuazima moja ya kujaribia. Mashine isiyo na adapta wala betri inayofaa haijapimwa, haijalishi ahadi zilizotolewa, na bei yake iwe ya kitu ambacho hakijapimwa.

Kitazamio kikiwa na doa jeusi au la njano lisilohama, aliyekuwa nacho aliiacha kamkoda juani na miale ikaingia kupitia kioo cha jicho. Ni kasoro ya kupunguzia bei, si ya kukatalia. Saa isiyoshika muda huwa ni betri ndogo ya kifungo iliyokwisha.

Waya wa AV wa pini moja wenye vichwa vitatu vya rangi huleta hofu isiyo na sababu. Mpangilio wa ndani wa waya hizo haufanani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo waya wa king'amuzi unaweza kutoa mlio mkali mahali pa sauti na giza mahali pa picha. Chomeka kichwa chekundu kwenye tundu la njano, kisha cheupe, kabla ya kusema kwamba mashine haitoi picha. Ikiwa lipo tundu la S-Video, litumie wakati wa kuhamisha kanda za Hi8, kwa kuwa hutenganisha mwanga na rangi na picha huwa kali zaidi.

Ukishainunua, usiiweke kabatini pamoja na kanda. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho mkubwa wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016, na kamkoda za analojia zilikuwa zimeshaondoka viwandani kabla ya hapo, hivyo kila mashine iliyopo inazeeka na vipuri vyake vinatoka kwenye mashine nyingine iliyokufa. Hamisha kanda mara moja. Kila kanda itazame kwanza kupitia dirisha lake: unga mweupe kwenye utepe uliozungushwa ni ukungu, na kanda hiyo isiingizwe kwenye mashine hadi isafishwe, kwa maana itazichafua hedi na kuambukiza kanda zitakazofuata. Zilizo safi zipeleke hadi mwisho na kuzirudisha, ili tabaka zilizogandana ziachiane, kisha anza na zisizo na thamani kubwa kwa siku ya kwanza, na za harusi na za wazee siku inayofuata, mashine ikiwa imeshazoeleka. Kifaa cha kunasia picha, kinachoiingiza kwenye kompyuta, kisetiwe PAL. Anayetumia Digital8 kwa waya wa i.LINK aandae takribani gigabaiti 13 kwa kila saa ya kanda, na nakala ziwekwe kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, moja kwako na nyingine kwa ndugu wa Kasulu, Tabora au popote penye ukoo.